Niliyeitikia Jina Lisilo Langu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa kile kitabu kama adhabu. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikuwa mtoto wa kupenda vitabu. Nilikuwa mtoto wa kiti cha nyuma. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka kumi na sita, tunakaa Beechmont, kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky, na kazi yangu kubwa shuleni ilikuwa kumwigiza msaidizi wa mwalimu mkuu anavyotembea, tumbo mbele, funguo zikilia kiunoni. Siku moja nilimwigiza vizuri mno. Darasa lote likanyamaza, nikadhani wamevutiwa. Alikuwa nyuma yangu.

Nikabakizwa baada ya masomo wiki nzima, kwenye darasa la mwalimu wa Kiingereza. Alinitazama kama mtu anayechagua dawa, akatoa kabatini kitabu kinene chenye mgongo wa gundi.

"Unajiona unachekesha," alisema. "Msome huyu. Yeye anachekesha kweli."

Kilikuwa cha Mrusi wa zamani. Nyuma kulikuwa na picha yake: pua ndefu iliyochongoka, nywele za mama aliyetoka saluni. Nilikifungua kwenye basi la mji kwa sababu simu ilikuwa imezima. Sababu nyingine hakuna.

Nilicheka mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Kuna jamaa mmoja nadhifu, mwenye adabu za kupaka mafuta, anayezunguka mashambani kwa farasi akinunua watu waliokufa. Si maiti, majina, apate kukopea fedha. Enzi hizo mabwana wa kule walimiliki wakulima wao kama ng'ombe, na serikali ilikuja kuwahesabu baada ya miaka mingi. Mkulima akifa kabla ya hesabu nyingine, kwenye daftari bado yu hai, na bwana wake bado anamlipia kodi. Basi jamaa anabisha hodi: niachie wafu wako, nitawabeba mimi kwa karatasi. Na mabwana, badala ya kumfungulia mbwa, wanaanza kupatana naye bei. Kuna bibi mmoja anayeogopa kupunjwa hadi anafunga safari mjini kuuliza wafu siku hizi ni bei gani.

Nilicheka kwa sababu kitabu ni kizuri. Nilicheka pia kwa sababu nilikuwa nakijua. Mtu yeyote aliyekaa kambi ya wakimbizi anakijua bila kukisoma: daftari lina watu wake, na ardhi ina watu wake, na si lazima wawe walewale. Mimi nilikijua kuliko wengine wote, maana niliwahi kuwa mmoja wa wale wafu.

Nitaeleza kama nilivyokuwa nikijua wakati huo.

Nilikuwa na miaka kama sita. Tulikuwa kambini Tanzania, baada ya wazazi wangu kukimbia Kivu. Jirani yetu alikuwa mama ambaye mama yangu alimfanya dada yake mkubwa, kwa hiyo kwangu ni Mama Mkubwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, wa rika langu. Tulicheza pamoja. Uso wake umenitoka, lakini nakumbuka kaptula yake ya kijani, kwa sababu niliitamani. Akashikwa na homa, akafa. Wiki chache baadaye ikafika siku ya hesabu, ile ya kupanga mgao wa chakula. Familia zinapanga mstari, karani anasoma majina, unayeitwa unaitika, unatazamwa, unachovya kidole kwenye wino usije ukahesabiwa mara mbili, unapita.

Mama Mkubwa alinivalisha ile kaptula ya kijani, akanishika mkono.

"Wakiita hii jina, unasema: niko," aliniambia. "Na ukunje magoti kidogo. Weye uko murefu kupita yeye."

Karani akaliita jina la marehemu. Nikakunja magoti, nikasema niko, nikachovya kidole. Nikapewa andazi, na kaptula nikabaki nayo.

Kwangu miaka yote hiyo ilikuwa hadithi ya andazi.

Baadaye sisi tukaletwa Louisville, yeye akapelekwa Buffalo, kwenye theluji ya kuzika gari. Kila mwaka mwezi wa sita, shule zinapofungwa, alipiga simu kwa Mama, kisha akaniomba mimi. Hakuuliza alama za shule, hakuuliza kama nasali. Aliuliza kitu kimoja: "Papa, umefika wapi?" Maana yake urefu. Kwetu mama humwita mtoto wa kiume papa, basi hapo usishangae.

Miaka ya mwanzo nilisimama mlangoni, Baba akanipima kwa futi yake ya kazini, nikamsomea sentimita kwa uaminifu. Halafu nikachoka na uaminifu. Nilipofika miaka kumi na tatu nilimwambia mita mbili na kumi.

"Kweli?"

"Kweli, Mama Mukubwa. Nagonga taa."

Mwaka uliofuata nikamwambia nimerudi chini, maji ya Kentucky yanapunguza watu. Alikuwa akicheka, anasema "ah, weye," kisha ananyamaza kidogo, kama mtu ambaye mikono yake ina kazi. Nami narudisha simu kwa Mama, naendelea na mchezo wangu. Sikuwahi kujiuliza mtu anapiga simu kutoka Buffalo kila mwaka kuuliza urefu wa mtoto wa jirani kwa nini.

Kila Pasaka vijana wa makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo hukutana, na mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Columbus. Kila mji huleta kwaya na igizo lenye fundisho. Igizo letu lilikuwa lilelile kila mwaka, mwana mpotevu mwenye vipokea sauti masikioni. Nikamwambia kiongozi wetu wa vijana kwamba safari hii ninalo jipya. Yeye ni Mkenya aliyekuja kusomea uhasibu; kambi hajawahi kuiona ila kwenye video za kuchangisha. Nikaliigiza mbele yake jikoni mwa kanisa, mimi mwenyewe nikicheza watu wote watano. Akacheka hadi akaketi kwenye ndoo.

"Hii ni fiti sana, kijana," alisema. "Lakini mwisho lazima mtu aokoke."

Basi nikaongeza mtu wa kuokoka, dakika mbili za mwisho.

Igizo lilikuwa hivi. Bwana mwenye mkoba anakuja kambini kutafuta majina ya wafu, hapo nilimwibia Mrusi bila aibu. Halafu inafika siku ya hesabu, na kuna mama mmoja mlafi ambaye mtoto wake amekufa, naye hataki kupoteza sahani ya maharagwe. Mama huyo nilimcheza mimi, kwa kitenge cha mama yangu na mto kifuani. Anakimbia huku na huku akiazima mtoto. Anayempata ni rafiki yangu wa timu ya mpira wa kikapu, jitu lenye ndevu, amevaa kaptula. Karani anaita jina, jitu linakunja magoti mpaka makalio yanagusa sakafu, linasema kwa sauti ya pipa: "Niko."

Karani alihitaji jina la kuita. Ningeweza kutunga. Nilitumia lilelile la yule mtoto. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikufikiri, lakini nilifikiri. Nililijaribu na mengine mawili, nikaona hilo ndilo linalochekesha zaidi likipigiwa kelele.

Ukumbi wa Columbus ulikuwa wa michezo, nyavu za kikapu zimefungwa juu, watu kama mia tatu. Nusu yao walikuwa wamechovya vidole kwenye wino ule. Karani alipoita mara ya kwanza, watu walianza kuguna kwa kuutambua mstari ule. Mara ya pili wazee wa nyuma walikuwa wakipiga mapaja. Mara ya tatu ukumbi mzima uliitika kabla ya jitu letu: Niko.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Mkubwa, mstari wa tatu, katikati ya wamama wa kwaya ya Buffalo, wote wamevaa sare za zambarau. Sikujua kwamba angekuja. Kisha nikaona anacheka. Mkono mdomoni, mabega yanatikisika, anacheka kuliko jirani zake. Nikasema moyoni, si unaona, hata yeye. Nikasogea upande wake wa jukwaa, nikaanza kujaza maharagwe ndani ya blauzi.

Alinikuta baadaye kwenye foleni ya chakula. Alininyooshea kola.

"Umechekesha batu, papa," alisema, akaenda zake na sahani.

Nilikuwa nimesimama mbele yake mzimamzima, baada ya miaka ya kuulizwa kwa simu, na hakuniuliza nimefika wapi. Hata hakutazama juu. Hilo nililiona, nikaliweka pembeni, maana watu walikuwa wananivuta kupiga picha.

Video ilizunguka kwenye makundi ya simu ya makanisa yote matatu. Lile jina likawa jina langu. Shuleni, kanisani, kwenye basi la kwenda Shively kwa binamu zangu, kijana yeyote wa kwetu akiniona alilipiga kelele nami nilitakiwa kukunja magoti na kusema niko. Nilikunja mara nyingi. Watoto wadogo walifanya mchezo wa kukimbizana: anayeshikwa ndiye anayeitwa. Kisha Buffalo wakaomba sehemu ya pili, kwa mkutano wao wa mwezi wa nane. Nikaiandika kwa wiki moja, kurasa kumi na nne. Ndani yake wafu wanafufuka, wanakuja kudai maharagwe yao. Jina linaitwa kila ukurasa.

Mwezi wa sita ukafika. Shule ikafungwa. Simu haikuja.

Wiki ya kwanza nilijifanya siisubiri. Ya pili nilianza kukaa karibu na simu ya Mama kila ikilia, nikijidai natafuta chaja. Jumamosi moja asubuhi Mama alikuwa jikoni anakoroga sombe, kisamvu cha kwetu. Yeye anafunga masanduku kwenye kiwanda kimoja Jeffersontown, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kupika vya wiki nzima.

"Mama Mukubwa hajapiga?" nilimuuliza.

"Alipiga. Tuliongea juzi."

"Na hakuniomba?"

"Hapana."

"Ni mgonjwa?"

"Eko muzima."

Alifunika sufuria, akakaa. Mama hakai anapopika.

"Nilikuwa nangojea uulize," alisema. "Tangu Pasaka niko nangojea. Baba yako alitaka akukamate siku ileile, nikasema hapana, bon, tumuache, ataona peke yake. Sasa ni karibu miezi tatu. Weye ni muzito kuona."

Nilivuta kiti nikakaa naye.

"Unakumbuka ile wino?" aliuliza.

"Nakumbuka."

"Kidole yako iliingia mu wino kwa jina yake. Sasa saa waliita jina yako, weye ulikuwa wapi?"

Miaka kumi nimesimulia hadithi ile, nimeigiza mpaka magoti, na swali hilo halikuwahi kunipitia.

"Walikuita," Mama alisema. "Mimi nikasema hayuko. Karani akaandika hayuko. Donc, miezi nane, kwa karatasi, mutoto yangu mimi hakuwako. Ni weye ulikuwa mufu."

"Lakini yeye alipata chakula cha mtu mmoja zaidi."

"Na siye tulipunguziwa ya mutu moja. Hesabu ni ile ile. Na ile unga ya mutoto yake, kila mwezi aliileta kwetu, chini ya kitenge, batu wasione. Haikulala kwake hata siku moja. Uliikula weye."

"Sasa alipata faida gani?"

Mama alinitazama kama anavyotazama bili asiyoielewa.

"Faida," alisema. "Alisema: nikienda kuwaambia amekufa, watapiga mustari juu ya jina, na hakuna mutu ataiita tena. Aliomba aisikie ikiitwa mara moja tu, na mutoto aitike. Mimi nilikuwa na mutoto. Nikakutoa."

Miezi nane baadaye, aliniambia, walikwenda wote wawili kwa karani siku moja. Mmoja akasema wangu amekufa. Mwingine akasema wangu amerudi. Karani akapiga mstari upande huu, akaandika upande ule, wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

"Na kila mwaka anakuuliza umefika wapi. Ulizani anapenda urefu?" Alisimama, akafunua sombe. "Yule mutoto hana mwengine wa kukua naye."

Nilikwenda chumbani nikakaa na zile kurasa kumi na nne. Mwalimu alikuwa ametueleza maisha ya yule Mrusi. Kwamba baada ya kuchekesha nchi nzima alitaka kuandika sehemu ya pili, ambamo yule tapeli wake anageuka mtu mwema, na miaka ikaenda haiandikiki. Kwamba alianza kuogopa kicheko chake kuwa dhambi, na kasisi mmoja akaongeza kuni kwenye hofu hiyo. Mwishowe akaitia sehemu ya pili kwenye jiko, akajilaza, akakataa kula, akafa siku chache baadaye. Darasani nilisema kwa sauti, huyo angeanza na kula, na watu walicheka.

Nikazipeleka kurasa kwenye sinki la bafuni, nikaziwasha kwa kiberiti cha Baba.

Mrusi alikuwa na jiko la kuni na bomba la moshi. Sisi tuna kengele ya moshi darini. Ililia kabla ukurasa wa kwanza haujaisha, ikaamsha ya sebuleni, ikaamsha ya jirani wa juu, mzee wa Kinepali ambaye alishuka na ufagio akidhani ni sisi tunaoungua. Mama alisimama mlangoni na mwiko.

"Unapika nini?"

"Karatasi."

Alifungua bomba la maji, akarudi kwa sombe yake. Nilibaki na kurasa kumi na tatu zilizolowa, wino ukichuruzika, na zinasomeka vizuri tu. Nilizipasua kwa mikono. Inachukua muda, na hakuna anayekuhurumia ukipasua karatasi mbichi.

Mwezi wa nane tukapanda gari la kanisa kwenda Buffalo, kiongozi wetu Mkenya akiendesha. Tulipita Columbus kuchukua vijana wawili, nao walipoingia tu wakaliita lile jina, gari zima likaitika niko. Mimi sikuitika.

"Huyu leo ana nini?" aliuliza yule jitu wa kikapu.

"Anatunza sauti," mwingine alijibu.

"Sehemu ya pili iko tayari?" kiongozi aliniuliza kwenye kioo.

"Iliungua."

"Acha mchezo, kijana. Tuko kwenye ratiba saa tisa."

Hilo ndilo tatizo la kuwa mchekeshaji: ukisema kweli watu wanasubiri mwisho wake. Nilikaa dirishani nikitunga msamaha wangu. Mwanzoni ulikuwa na vichekesho vitatu, vya kupunguza makali. Nilivitoa kimoja baada ya kingine, na tulipopita Cleveland haikubaki kitu ila neno lenyewe.

Buffalo nilimwomba kiongozi anishushe kwa Mama Mkubwa, wao waende kuandaa ukumbi, wanipitie baada ya nusu saa. Alikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyobanduka rangi, ngazi zake nje. Nilipanda. Alikuwa anapiga pasi sare za zambarau, na sare zilikuwa nyingi kuliko za mtu mmoja. Bila shaka aliwapigia na wenzake.

"Karibu, papa. Umekula?"

"Nimekula."

Alinipakulia bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, kama vile sikusema. Nikala kidogo, nikaacha.

"Mama Mukubwa, nisamehe."

"Ya nini?"

Aliendelea kupiga pasi. Hakutaka kunisaidia, na nilijua hakutaka.

"Ya jina," nilisema. "Kulitumia. Na yule mama wa maharagwe. Sikujua habari ya unga, Mama ameniambia mwezi wa sita. Lakini jina nilijua ni la nani."

Alisimamisha pasi wima.

"Uliniona nikicheka."

"Nilikuona."

"Nilikuwa katikati ya bamama. Hawajue kama niliwahi kuwa na mutoto. Nikilia, wataniuliza. Nikitoka, wataniuliza. Donc, nilicheka. Nilicheka kupita wote, juu wasijue." Alishika kola ya sare, akaikunja, akaikunjua. "Ulikuja karibu yangu na ile maharagwe. Nikasema, Mungu wangu, huyu mutoto anataka nicheke tena."

Niliangalia ndagala. Walikuwa na macho yote.

"Nitawaambia waache kuliita," nilisema.

"Utawaambia juu ya nini?"

Nilisogeza sahani pembeni.

"Ukiwaambia, watajua ni mimi," alisema. "Ukinyamaza, wataendelea. Ni ile kazi ulifanya." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. "Miaka yote niliomba mutu aiite hii jina. Sasa kila Jumapili naisikia, watoto wanakimbia nayo mu kanisa. Sijue niseme aksanti ao niseme nini."

Akaenda chumbani. Nilidhani amekwenda kulia, nikasimama niondoke, nikakaa, nikasimama. Alirudi na kamba imezungushwa kama uzi wa kufuma. Ilikuwa kamba nyembamba ya chandarua, nyeusi kwa kushikwa, yenye mafundo.

"Hii," alisema, akishika fundo la kwanza, "ni yeye. Nilimupima kama bado eko muzima, Krismasi." Kidole kikapanda upana wa kiganja. "Hii ni weye, siku ya hesabu. Kutoka hapa ni nyinyi wote mbili."

Mafundo yalipanda taratibu, moja kwa mwaka. Mengine alifunga kambini kwa kunipima mgongoni nikiwa nacheza, kumbe. Mengine alifunga hapa, simu ikiwa begani, mimi nikimsomea sentimita. Halafu kukawa na pengo refu, na kamba ya chandarua ikaishia hapo. Aliiunga na kamba ya pazia, nyeupe. Juu kabisa ya ile nyeupe kulikuwa na fundo: mita mbili na kumi. Chini yake mengine mawili, miaka niliyopungua.

"Ulijua nadanganya?"

"Mutoto ya miaka kumi na tatu, mita mbili? Nilijua."

"Sasa kwa nini ulifunga?"

"Mama akiambiwa mutoto yake amekua, anafunga," alisema. "Vua viatu."

Nilivua. Alinisimamisha kwenye mlango, kisigino kwenye mbao. Ilibidi apande kwenye kigoda. Akaniambia nikanyage mwanzo wa kamba, akaivuta juu pembeni ya sikio langu. Nilihisi mafundo yakipita bega, shavu. Bila kukusudia nilikuwa nimeshuka kidogo, kama mtu anayepigwa picha na wafupi.

"Usikunje magoti," alisema.

Nikanyooka.

Mafundo ya uongo yalikuwa juu ya kichwa changu, yote matatu. Alianza kuyafungua pale pale, kwa kucha, na lile la kwanza lilikuwa limekaza hata akatumia meno. Hakuniambia nisogee. Nilimsikia akihema karibu na nywele zangu, pasi ikinuka moto. La pili likafunguka. Alikuwa kwenye la tatu gari lilipopiga honi chini.

Lilipiga mara mbili. Kisha vijana wakateremsha vioo na kuita, wote kwa pamoja, kama walivyozoea kuniita: lile jina, kwa sauti ya karani.

Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

Waliita tena. Mtoto mmoja wa nyumba ya jirani alicheka. Nilingoja aseme kitu, au ashuke kwenye kigoda, au anifukuze. Niliona kwenye kioo cha dirisha uso wake tu, umeelekea kule sauti ilikotoka, na haukuwa na hasira wala kicheko. Ulikuwa uso wa mtu aliye kwenye mstari, anasubiri.

"Wanaita," alisema.

"Nasikia."

"Basi itika."

Sikujua nitumie sauti ipi. Ile ya pipa ndiyo waliyoingojea chini. Nilisimama na kisigino kwenye mbao, kamba chini ya mguu wangu na mwisho wake mkononi mwake, nikasema kwa sauti yangu, si kubwa, hata sidhani ilifika dirishani.

"Niko."

Akafungua lile la tatu, akafunga jipya usawa wa kichwa changu.